Breki za Pikapu ya Baba

Palma, 6 Mei 2025

Kwa wifi Zubaida,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima na duka lako la spea lina wateja. Sisi huku Palma hatujambo. Sumaia anakwenda shule, kaka yako Tarique yuko Afungi, kwenye kambi ya mradi wa gesi, anaosha masufuria, na mimi sijambo, ingawa najua hilo usingeliuliza.

Namba yangu umeifunga kwenye simu yako tangu tulipotoka nyumbani kwako, na yako mimi niliifunga siku hiyohiyo. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na barua nimempa Amido wa chapa, lile basi dogo linaloshuka hadi mjini Pemba. Jambo lenyewe si langu, lingekuwa langu nisingeandika. Ni la pikapu ya marehemu baba yenu, ambayo nusu yake ni yako, kama ulivyokuwa ukinikumbusha wakati ule tulipokimbia vita tukakaa kwako Pemba, nami napika kwenye jiko lako huku wewe umesimama mlangoni kuona natia vitunguu vingapi.

Pikapu inatetemeka ninapofunga breki. Ikiwa inakwenda tu, imetulia. Nikifunga breki nikiwa kwenye mwendo, usukani unanicheza mikononi kama ungo wa kupepetea mpunga, na kanyagio linanipiga chini ya unyayo. Fundi wa hapa ni Jerónimo. Kwanza alisema ni tairi, akahamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele. Ikatetemeka vilevile. Halafu akasema ni barabara. Nikamwambia, "Barabara ipo hata nisipofunga breki." Akanijibu, "Mama Sumaia, gari lina tabia yake kama mtu." Huyo ndiye fundi tuliye naye.

Nawabeba akina mama na samaki wao kutoka pwani mpaka Quitunda kila siku. Belmira, anayekaa nami mbele, anasema gari limeshikwa na homa. Wanacheka, lakini wameanza kushika vyuma.

Unauza spea, wasema umefundishwa na baba yako. Basi sema.

Mke wa kaka yako,
Chamima


Pemba, 15 Mei 2025

Kwa Chamima,

Waalaikumu salaam. Barua imenifikia ikinuka samaki, sikuwa na haja ya kutazama jina. Mimi mzima. Miguu inavimba jioni na sukari iko palepale, nakuambia ili usiseme kesho hukuambiwa. Msalimie Sumaia. Mwambie shangazi yake anataka kuona matokeo ya mtihani.

Jerónimo namjua. Alikuwa anashona viatu, vikamshinda.

Sasa soma polepole, si kama unavyosoma kila kitu. Mtetemeko wa breki una kwao. Ukiusikia mikononi, kwenye usukani, unatoka mbele, kwenye diski. Ukiusikia chini, kwenye kiti, unatoka nyuma, kwenye ngoma za breki. Tafuta mahali pamenyooka pasipo na watu, uende mwendo wa wastani, uache breki ya mguu kabisa, kisha uvute breki ya mkono kidogo kidogo bila kuachia kitufe chake. Breki ya mkono inashika nyuma tu. Ikitetemeka, tatizo ni ngoma. Ikitulia, tatizo ni mbele.

Lakini diski za mbele haziwezi kuwa mbovu. Mwaka jana Tarique alipokuja Pemba nilimpa diski mbili mpya, nimezitoa dukani mwangu zikiwa kwenye maboksi. Kwa hiyo mkosaji ni mmoja kati ya wawili. Ama huyo mshona viatu amekaza nati za tairi ovyo, moja imekazwa mpaka inalia na nyingine inacheza, diski ikapinda. Ama ni mguu wako. Wapo watu wanaoendesha kwa raha zao, wakifika kwenye shimo ndipo wanakumbuka kuna breki, wanakanyaga kama wanaua nge.

Legeza nati zote za mbele, uzikaze upya kwa kupishana, hii kisha ya ng'ambo yake, kwa mkono na spana. Asipande mtu juu ya spana. Kama hilo nalo ni gumu, egesha gari, nitamtuma mtu alilete Pemba.

Dada wa mume wako,
Zubaida


Palma, 27 Mei 2025

Kwa wifi Zubaida,

Salamu nyingi na pole kwa miguu. Iweke juu ya mto ukilala, na uache chai ya sukari ambayo kwako ilikuwa haiishi, ila kwa wageni.

Nimefanya yote. Nilivuta breki ya mkono kwenye njia ya Quionga, imetulia kama maji mtungini. Nikakanyaga ya mguu, usukani ukaanza ngoma yake. Kwa hiyo ni mbele, na huhitaji kuniandikia tena kuhusu kiti changu.

Nati nilimwita Jerónimo azilegeze. Moja ilikataa mpaka tukatia mafuta. Nikamuuliza, "Hii uliikaza vipi?" Akasema, "Nilipanda juu ya spana, mama, ndiyo nguvu." Anajisifu hata kwa kosa lake. Nikazikaza mimi mwenyewe kwa kupishana, yeye amekaa kwenye ndoo anatazama. Siku chache mtetemeko ulipungua, kisha umerudi na kiburi zaidi.

Kuhusu mguu wangu. Nimeendesha gari hili tangu kaka yako aingie kambini, na kabla ya hapo nilikuwa nakaa pembeni yake nikimwambia "punguza". Sijaua nge yeyote. Na mtu wa kulileta gari Pemba usijisumbue kumtuma. Akina mama wataenda Quitunda juu ya mgongo wako?

Nini kinafuata?

Mke wa kaka yako,
Chamima


Pemba, 3 Juni 2025

Kwa Chamima,

Salamu. Kesho kutwa ni Arafa na baada yake Idd, Mungu atufikishe. Nisalimie wote, hata wasiostahili.

Kinachofuata ni kuchafua mikono, tutaona.

Inua gari mbele, weka jiwe nyuma ya tairi. Kabla ya kufungua, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha. Lisipocheza, fungua tairi, kisha rudisha nati ili diski ibane mahali pake. Chukua waya mgumu, ufunge kwenye kile chuma kikubwa kinachobana diski, ncha yake ikaribie uso wa diski bila kugusa. Zungusha diski kwa mkono, polepole. Kama nafasi kati ya waya na diski haibadiliki, diski imenyooka. Kama waya unagusa huku na kuachia kule, imepinda. Baba alikuwa anafanya hivyo kabla hatujajua kuna vipimo vya kununua.

Halafu pitisha ukucha ukingoni mwa diski. Tazama rangi yake. Tazama na vile vijiti viwili ambavyo chuma kinatelezea, vivute vitoke uone kama vimekauka. Andika unachokiona, usiandike unachofikiri.

Zubaida


Palma, 12 Juni 2025

Kwa wifi Zubaida,

Idd mubarak. Tulichinja na majirani, Sumaia alikula mpaka akalala kwenye mkeka. U mzima?

Ninachokiona ni hiki. Tairi halichezi. Vijiti viwili vya upande wa kushoto vimekauka, kimoja nimekitoa kwa nyundo. Waya unagusa diski mahali pamoja na kuachia pengine, kushoto zaidi kuliko kulia. Ukucha ukifika ukingoni unagonga ukuta, diski imelika mpaka imeacha ukingo kama wa sahani. Ina mabaka ya buluu kama iliyoungua. Katikati, pale inapokaa kwenye kitovu cha gurudumu, ina rangi ya kijani ya zamani, imebabuka.

Sasa na mimi niseme ninachofikiri, ingawa umenikataza. Kama hizi ndizo diski zako mpya za kwenye maboksi, basi unawauzia watu takataka halafu unakaa nyuma ya meza unatukana miguu yao. Tarique amekuja likizo, nimemwonyesha. Amesema, "Hizi zitatufikisha mwisho wa mwezi," akaenda kuoga.

Niletee nyingine, za kweli safari hii.

Chamima


Pemba, 20 Juni 2025

Chamima,

Rangi ya kijani ni ya baba. Alibakisha rangi ya mashua, akapaka kila chuma cha gari hilo kilichoweza kukaa kimya kikapakwa. Hizo ulizofungua ndizo diski zilizokuja na gari. Nilimwambia Tarique azitupe.

Diski zangu mpya ziko wapi?

Gari liko mikononi mwako. Funguo unazo wewe. Soko la Palma unalijua wewe, kila siku uko huko na kikapu. Kaka yangu yuko kambini. Usinizungushe kwa maneno ya waya na ukucha. Uliondoka kwangu ukiwa umebeba hata mashuka ya kitanda cha wageni, nikanyamaza kwa ajili ya mtoto. Sasa umeuza breki za gari unalopanda mwenyewe. Mtu wa namna hiyo simpelekei hata nati.

Usiniandikie mpaka ziwe zimepatikana.

Zubaida


Palma, 9 Julai 2025

Kwa Zubaida,

Salaam alaikum. Mimi ni mzima, na Sumaia ni mzima, alhamdulillahi. Belmira si mzima.

Umeniambia nisiandike, naandika. Mashuka yalikuwa yangu, niliyanunua Pemba, muulize jirani yako.

Jumatatu tulikuwa tunarudi kutoka Quitunda, matenga matupu nyuma na akina mama juu yake. Nilikuwa naendesha taratibu tangu barua yako, kwa gia ndogo, nikifunga breki kidogo tu. Nilijua gari halifai, sitajificha. Lakini wale wanawake hawana chapa inayopokea samaki, na wewe ulikataa, na kaka yako alisema zitatufikisha mwisho wa mwezi. Tulipoanza kushuka mteremko wa kwenda mji wa chini nilikanyaga breki, kanyagio likazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope. Nikakanyaga tena, hakuna kitu. Nikarudisha gia, nikavuta breki ya mkono, chini kulikuwa na watu wametandaza vitu vyao. Nikaliingiza gari kwenye ukingo wa mchanga, likapanda na kusimama limeinama. Nyuma waliruka, wakachubuka. Belmira alikuwa ametanguliza mkono kwenye dashibodi. Nilisikia ulivyovunjika. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Chamima, mkono wangu."

Hospitali wamemfunga plasta. Ana shamba na hana mume.

Jerónimo alipofungua akasema diski ilikuwa imelika mno na pedi zimekwisha, pistoni ikatoka nje ya mahali pake na mafuta ya breki yote yakamwagika. Nikamuuliza kama aliwahi kufunga diski mpya kwenye gari hili. Akasema, "Mimi niliambiwa na bwana nizisugue hizi kwa msasa zing'ae. Nikazisugua."

Niliambiwa na bwana. Basi nikamngoja bwana. Alikuja na mfuko wa mikate ya kambini, nikamwacha akae.

"Diski alizokupa dada yako ziko wapi?"

"Diski zipi?"

"Tarique."

Akatazama mikate. "Nilimpa Edmilson."

Edmilson simjui. Nikauliza ni nani. Ni mtu mmoja wa kukaa kwenye baa pale njiapanda, ana pikapu kama yetu, anasema anajua watu wa geti la kambi na majina ya wanaoajiriwa yanapita mkononi mwake. Kaka yako alimpa diski ili jina lake lipite.

"Kwa hiyo kazi ulipata kwa Edmilson."

"Hapana," akasema. "Mimi niliitwa pamoja na wengine wa bairro letu, huu mtaa wetu, majina yalisomwa tu. Edmilson hata geti haruhusiwi kuingia."

Nimekuwa mke wa mtu huyu miaka yote hii, Zubaida, na nilikuwa sijawahi kumwona. Alitoa breki za gari ninalompandisha mtoto wake, akampa mlevi asiye na ufunguo wa geti, akasugua mbovu zing'ae ili mimi nisijue. Na nilipomwonyesha zilivyo, alikwenda kuoga.

Umesema diski zipatikane. Zimepatikana. Zinazunguka Palma chini ya gari la Edmilson, nazo hazitetemeki.

Chamima


Pemba, 16 Julai 2025

Kwa wifi yangu Chamima,

Waalaikumu salaam wa rahmatullahi. Mpe pole Belmira, mwambie mimi ni mtu asiyemjua lakini namwombea.

Nilikuita mwizi. Hukuwa mwizi. Nimeandika, usinitake nirudie.

Tarique alinipigia kabla barua yako haijafika. Alisema wifi amepata ajali kwa mwendo kasi. Nilimwamini siku nzima. Kisha Amido akaleta bahasha yako, nikamaliza kusoma, nikafunga duka mchana, kitu nisichofanya hata kwa mazishi.

Anayeleta barua hii ni Amido, na miguuni pake pana kasha. Asimpe mtu mwingine, hata akisema ametumwa na malaika. Ndani mna diski mbili, pedi, mipira ya pistoni, mafuta ya breki, na grisi kwenye kikopo kidogo cheupe. Grisi hiyo ni ya vile vijiti vya kutelezea, inavumilia moto. Jerónimo asije akapaka grisi yake ya beringi.

Sikiliza tena, na safari hii sikutukani. Kabla ya kuweka diski mpya, safisha kitovu inapokaa. Brashi ya waya, kisha msasa, mpaka uone chuma cheupe. Kutu kidogo tu pale chini, diski mpya itakaa imeinama, na baada ya muda gari litaanza kutetemeka upya. Pima kwa waya. Ukiona inacheza, usikubali, toa usafishe tena. Diski zina mafuta ya kiwandani, zifute kwa kitambaa na petroli. Usiache mafuta kwenye pedi. Toa hewa kwenye breki mpaka mafuta yatoke bila mapovu.

Halafu usiende Quitunda siku hiyo. Nenda barabara tupu, pata mwendo, funga breki kwa upole bila kusimama kabisa, achia, pata mwendo tena, rudia mara nyingi. Kisha tembea bila kugusa breki zipoe. Hapo pedi na diski zitakuwa zimejuana.

Wewe ndiye uifanye. Jerónimo akushikie taa.

Zubaida


Palma, 30 Julai 2025

Kwa wifi Zubaida,

Salaam alaikum. Kasha limefika, Amido alilikalia njia nzima kama kuku. Miguu yako? Sumaia amepata alama nzuri za Kireno, za hesabu tusizungumze.

Tulifungua gari uani. Jerónimo alipoona natoa brashi ya waya akacheka. "Kutu hiyo ndogo, mama, haina neno. Weka diski, kaza, nenda." Nikaweka diski mpya kama alivyotaka yeye, nikafunga waya wangu, nikazungusha. Ikagusa huku, ikaachia kule. Ni mpya, imetoka kwenye boksi mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Tazama tabia ya gari." Nikaitoa, nikasugua kitovu mpaka mikono ikawa myekundu kwa kutu, nikairudisha, nikazungusha. Waya haukugusa popote, mwanga mmoja mzunguko mzima. Jerónimo akavua kofia, akakuna kichwa, akasema yeye alikuwa anajua, alikuwa ananijaribu. Nilimwachia. Mtu kama huyo ukimnyang'anya uongo wake atabaki na nini?

Kushoto ilinichukua muda zaidi kwa sababu ya vile vijiti. Nilivifuta, nikavipaka grisi ya kikopo cheupe, sasa vinateleza kwa kidole. Pistoni nilimwachia yeye kwa sababu ana mikono ya kushonea, nilisimama juu yake. Hewa tulitoa mimi nikikanyaga na yeye akifungua, mpaka mapovu yakaisha.

Nikaenda njia ya Quionga peke yangu. Nikafanya ulivyosema, mwendo, upole, achia, mwendo. Mwanzoni zilinuka, kisha zikaacha. Mara ya mwisho nilikanyaga kwa nguvu makusudi. Pikapu ikasimama pale nilipotaka, usukani umelala mikononi mwangu kama mtoto aliyeshiba. Nilikaa pale na injini ikinguruma. Nikalia kidogo, halafu nikaona aibu kulia mbele ya ng'ombe wa watu, nikarudi.

Sasa sikia la kaka yako. Ijumaa baada ya sala nilipita barazani kwa Bwana Amisse na tenga langu, nikamsikia Tarique anawaeleza wanaume jinsi alivyoitengeneza pikapu. "Kwanza lazima ujue, mtetemeko ukiwa kwenye usukani, ni mbele." Maneno yako, Zubaida. Aliyasoma kwenye barua zako nilizoziacha mezani. Wanaume wanatikisa vichwa. Mmoja akauliza, "Na diski ulipata wapi?" Mimi nikatua tenga chini, nikasema, "Ndiyo, Baba Sumaia. Waambie diski ulipeleka wapi."

Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao, maana Palma ni ndogo na Edmilson akilewa husema mwenyewe. Nikajitwika tenga langu nikaondoka.

Ufunguo ninao mimi, kwenye kamba shingoni.

Wifi yako,
Chamima


Pemba, 11 Agosti 2025

Wifi Chamima,

Salamu kwako na kwa mtoto. Miguu imepungua uvimbe, nimeiweka juu ya mto, usijisifu.

Amenipigia. "Dada, mwambie Chamima anipe ufunguo. Watu wananicheka." Nikamwambia wanacheka kwa sababu inachekesha. Akasema diski zilikuwa zangu na amekwisha kuniomba radhi, kwa hiyo jambo limeisha. Nikamwuliza kama amemwomba radhi mwenye mkono uliovunjika. Akasema yule mwanamke wa watu hajui lolote kuhusu diski, kwa nini amwamshe.

Alipokuwa mdogo akivunja sahani alikuwa anasema ni paka. Sasa ana ndevu na bado anatafuta paka.

Nikamwambia asinipigie tena mpaka aende kwa Belmira akamwombe radhi. Akakata simu. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nakata.

Je, Belmira anaendeleaje? Mazao yake ya mwaka huu atayafanyaje?

Zubaida


Palma, 21 Septemba 2025

Kwa wifi Zubaida,

Salaam alaikum. Natumai sukari imeshuka na duka halikosi watu. Huku tumo, joto limeanza kurudi. Samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa sina la kukuambia, na la uongo sikutaka kuandika.

Mkataba wa Tarique kambini uliisha Agosti, akawa nyumbani. Mimi naondoka na gari asubuhi, narudi, nampita ukumbini. Hakuniomba ufunguo tena. Barazani haendi.

Siku moja Belmira alikuja kupanda mbele kama kawaida, mkono haujanyooka vizuri lakini plasta imetoka. Tulipofika nje ya mji akasema, "Mumeo alikuja kwangu jana." Nikapunguza mwendo. Alikuja peke yake, akasimama uani hataki kukaa. Akamwambia yote, diski, Edmilson, msasa, mpaka maneno ya kwamba mimi naendesha kasi. Nikamuuliza Belmira alimjibu nini, maana mimi ningemmwagia maji ya samaki.

"Nilimtazama," akasema. "Nikamwambia, mkono huu ndio unaolima. Sasa lete wako."

Basi analima. Shamba la Belmira liko kando ya barabara, mlipita pale mlipokuwa watoto. Anafyeka, anang'oa visiki, anatayarisha kabla mvua hazijaja. Belmira anakaa kivulini kwenye kiti na kumwonyesha alipoacha majani. Hamsemeshi zaidi ya hapo. Wanawake walio nyuma ya gari wanamjua, tukipita pale wananyamaza wote, na huo ukimya wao nadhani anausikia kuliko matusi. Hana jembe zuri. Viganja vyake vilipasuka wiki ya kwanza, nikaona alivyoshika kikombe kwa vidole.

Usidhani nimemsamehe. Namwona mdogo, Zubaida, mdogo kama alivyokuwa siku ile anatazama mikate, na sijui kama atakua tena machoni pangu. Wewe ni dada yake, labda kwako ni tofauti. Lakini kila asubuhi huondoka kwa miguu kabla yangu, hajaambiwa na mtu.

Mimi napita pale nimebeba samaki. Barabara ina kona, lazima nifunge breki. Gari linapungua mwendo bila kutikisika, na yeye huinua kichwa. Simpigii honi. Napita.

Jioni chakula chake nakifunika mpaka arudi.

Njoo Desemba shule zikifungwa. Sumaia anakuuliza, na mimi nitakuja kukupokea mwenyewe.

Wifi yako,
Chamima